Swichi Nyingi, Mtandao Mmoja: Umoja wa Mitambo na Mfano wa Singida

Mazungumzo haya yanahusu kazi ambayo wananchi wengi hawaioni, ingawa matunda yake wanayatumia kila siku wanapolipia kibali, wanapofungua faili la matibabu hospitalini au wanapotafuta matokeo ya mitihani ya watoto wao. Kazi hiyo ni ya kuunganisha mitambo kadhaa ya mtandao wa kompyuta, ambayo kila mmoja uliundwa uweze kujitegemea, iwe mfumo mmoja wenye uongozi mmoja, anwani moja na utaratibu mmoja wa kusimamiwa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba umoja wa namna hiyo hupimwa siku ambayo kiungo chake kimoja kimekatika, na kwamba mpango wa siku hiyo ni lazima uandaliwe mapema, wakati kila kitu bado ni kizima.

Mkoa wa Singida unafaa sana kuwa mfano katika jambo hili, kwa sababu maisha yake ya kiuchumi yamejengwa juu ya makutano. Barabara kuu itokayo Dodoma kuelekea Nzega na Mwanza hukutana mjini Singida na ile itokayo Arusha kupitia Babati. Tawi la Reli ya Kati huanzia Manyoni na kuishia katika mji huo huo. Na njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga, yenye urefu wa takriban kilomita 670, hupita katika kituo cha kupoza umeme cha Singida, ambacho ndicho pia mwisho wa njia ya kilovolti 400 inayoiunganisha Tanzania na Kenya kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya. Njia kubwa za umeme za siku hizi hubeba pia mawasiliano, kwa kuwa ndani ya waya wa juu kabisa wa minara, ule unaokinga radi, hupitishwa nyuzi nyembamba za kioo ambazo husafirisha taarifa kwa njia ya mwanga. Sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao uliendeshwa kwa niaba ya Serikali na shirika la mawasiliano la TTCL, ilitumia nyuzi za aina hiyo zilizokuwa katika miundombinu ya shirika la umeme la TANESCO.

Wabunifu wa mkongo huo, ambao katika awamu zake za mwanzo ulifikia urefu wa takriban kilomita 7,560, waliamua kuujenga kwa mizunguko, yaani njia ambazo zikianzia mahali fulani hupita mikoa kadhaa na kurudi pale zilipoanzia, badala ya kuuacha uwe mstari unaoishia mahali pasipo na njia nyingine ya kutokea. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi: mtambo wa barabarani ukichimbua na kukata nyuzi mahali pamoja, taarifa hugeuza na kufika kwa upande wa pili wa mzunguko, na mtumiaji aliyeko ofisini huenda asijue kabisa kwamba kuna lililotokea. Uzito wa kanuni hiyo ulionekana tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ilipokatika siku moja katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ya intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani ikadorora kwa kiasi kikubwa. Njia mbadala zilikuwepo, lakini hazikuwa na upana wa kubeba mzigo wote ulioelekezwa kwake kwa ghafla. Na hilo ni funzo la kwanza kwa yeyote anayeunganisha mitambo, kwamba kuwa na njia ya pili hakutoshi iwapo njia hiyo haikupimwa kwa mzigo wa siku ya dharura.

Kanuni inayotawala kilomita elfu nyingi za mkongo ndiyo inayotawala pia kabati la chuma la mitambo lililomo katika chumba kidogo cha ofisi ya halmashauri. Ndani ya kabati hilo, kifaa kinachotumika zaidi ni swichi, yaani chombo chenye matundu mengi, kwa kawaida 24 au 48, ambamo huchomekwa kebo zitokazo kwenye kompyuta, simu za mezani, kamera za ulinzi na vifaa vya Wi-Fi, na ambacho husoma anwani ya kila pakiti ya taarifa na kuipeleka kwenye tundu la mlengwa wake peke yake. Ofisi yenye watumishi 20 huweza kutosheka na swichi moja. Jengo likiongezewa ghorofa, na idara za fedha, afya, ardhi na elimu zikahamia humo, matundu huisha, na swichi ya pili, ya tatu na ya nne hununuliwa, mara nyingi katika miaka tofauti ya bajeti na kwa wauzaji tofauti.

Njia rahisi ya kuziunganisha swichi hizo ni kuvuta kebo moja kutoka ya kwanza hadi ya pili, nyingine kutoka ya pili hadi ya tatu, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Mtandao wa namna hiyo hufanya kazi, lakini una udhaifu wa aina tatu. Kwanza, taarifa inayotoka swichi ya mwisho kwenda ya kwanza hulazimika kupita katika zote za katikati, na kebo inayoziunganisha huwa nyembamba kuliko mahitaji. Pili, swichi ya katikati ikizimika, zilizo nyuma yake hutengwa zote. Tatu, kila swichi ina anwani yake, nywila yake na mipangilio yake, hivyo afisa anayetaka kubadili jambo moja katika swichi tano hulazimika kuingia mara tano, na akisahau moja, tofauti hiyo hujificha hadi siku itakapoleta hitilafu ambayo hakuna atakayekumbuka chanzo chake.

Mtu akijaribu kuondoa udhaifu wa pili kwa kurudisha kebo kutoka swichi ya mwisho hadi ya kwanza, huzua tatizo jipya lililo kubwa zaidi, kwa kuwa pakiti zinazotumwa kwa wote hupata njia ya kuzunguka bila kikomo, zikiongezeka katika kila mzunguko mpaka mtandao mzima unazidiwa. Tatizo hilo lilipatiwa ufumbuzi mwaka 1985 na Radia Perlman, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya DEC, ambaye alibuni utaratibu unaoziwezesha swichi zenyewe kujadiliana, kuchora ramani ya njia zisizojirudia, na kuifunga kwa muda njia ya ziada ili ifunguliwe pale tu njia kuu inapokatika. Utaratibu huo uliingizwa mwaka 1990 katika viwango vya IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, na hadi leo unalinda mitandao mingi duniani. Hata hivyo gharama yake ni kwamba kebo iliyofungwa imelipiwa na haifanyi kazi, na swichi bado ni nyingi katika usimamizi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzigeuza swichi nyingi ziwe mtambo mmoja, na muungano huo ndio mafundi wanaouita staki. Mwaka 2003 kampuni ya Cisco ilitoa swichi za Catalyst 3750 zilizokuwa na teknolojia ya StackWise, ambayo iliruhusu hadi swichi tisa kuunganishwa kwa kebo maalumu za nyuma, zenye uwezo wa kupitisha jumla ya gigabiti 32 kwa sekunde. Watengenezaji wengine walifuata kwa teknolojia zao wenyewe: Juniper ilikuja na Virtual Chassis, H3C na IRF, na Huawei, ambayo vifaa vyake ni vingi katika Afrika Mashariki, na iStack. Majina yanatofautiana na vifaa vya kampuni moja haviungani na vya kampuni nyingine, lakini msingi ni ule ule: swichi zote zinakuwa na anwani moja ya usimamizi, faili moja la mipangilio na akili moja inayoamua njia za taarifa, kiasi kwamba swichi tatu zenye matundu 48 kila moja huonekana mbele ya msimamizi kama swichi moja yenye matundu 144.

Kabati lenye staki likifunguliwa kwa nyuma, muundo wake husomeka kwa macho. Kila swichi ina matundu mawili mapana ya kebo za muungano, mbali na yale madogo ya mbele. Kebo ya kwanza hutoka katika tundu la pili la swichi ya juu na kuingia tundu la kwanza la swichi ya kati. Ya pili hutoka swichi ya kati na kuingia ya chini. Na ya tatu, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, hutoka swichi ya chini na kupanda hadi tundu la kwanza la ile ya juu, ikiufunga mzunguko. Kebo hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, kwa sababu staki hukubali kuwaka bila yake, taa zote hubaki za kijani, na mkaguzi asiyejua atiapo saini haoni upungufu wowote. Tofauti hujitokeza baadaye: pale penye mzunguko uliofungwa, kebo moja ikichomoka taarifa huzungukia upande wa pili kwa kasi iliyopungua, ilhali pale penye mstari ulio wazi, kebo hiyo hiyo ikichomoka staki hupasuka vipande viwili.

Mfumo wenye akili moja ni lazima uwe na kiongozi, na katika staki kiongozi hupatikana kwa uchaguzi unaofanywa na swichi zenyewe mara zinapowashwa. Katika swichi za StackWise, kila mwanachama hupewa namba ya kipaumbele kati ya 1 na 15, na mwenye namba kubwa ndiye hushinda. Kiwandani swichi zote huwekewa namba 1, na pale ambapo hakuna aliyebadili na vigezo vingine vikalingana, uamuzi huangukia kwenye anwani ya asili ambayo kiwanda kiliiandika ndani ya kila kifaa, na aliye na anwani ndogo ndiye huongoza. Kwa kuwa anwani ndogo mara nyingi ni za vifaa vilivyotengenezwa mapema, taasisi isiyopanga uongozi hujikuta imekabidhi mtandao wake kwa swichi iliyo nzee kuliko zote katika kabati. Mwenye mpango huipa swichi imara, yenye chanzo cha uhakika cha umeme, namba 15, huipa ya pili namba 14 ili iwe naibu anayeshika hatamu kiongozi anapozimika, na huziacha nyingine zifuate. Kisha huyaandika hayo katika karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati, ili fundi atakayekuja baada ya miaka mitano asihitaji kubahatisha.

Hatari kubwa kuliko zote hutokea staki inapopasuka huku vipande vyote viwili vikiendelea kuwa na umeme. Kipande kisicho na kiongozi huamini kwamba kiongozi amekufa, hivyo huchagua mwingine, na papo hapo mtandao huwa na viongozi wawili wanaodai anwani ile ile na kutekeleza mipangilio ile ile. Wafugaji wa Singida hawahitaji kufafanuliwa kwa nini mafahali wawili hawakai zizi moja, na mtandao hauna tofauti: kompyuta hushindwa kujua ni wapi pa kupeleka taarifa zake, huduma huja na kutoweka bila mpangilio, na chanzo huwa kigumu kubaini kwa sababu kila kipande, kikichunguzwa peke yake, huonekana kizima. Kwa ajili hiyo teknolojia nyingi za staki zina utaratibu wa kugundua viongozi wawili, ambapo kipande kimoja huamriwa kufunga matundu yake mpaka muungano urudi. Lakini katika vifaa vingi utaratibu huo haufanyi kazi hadi msimamizi auwashe na kuutengea njia yake.

Mazingira ya Tanzania ya kati yanaongeza uzito wa mambo haya. Singida ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, upepo wake ni mkali, na vumbi la kiangazi huingia katika vyumba vya mitambo na kuziba feni. Umeme nao ukikatika na kurudi, swichi zilizofungwa kwenye vyanzo tofauti haziwaki kwa wakati mmoja, na iliyochelewa hukuta uchaguzi umekwisha kufanyika, kwa hiyo hata iliyopewa kipaumbele kikubwa hubaki mwanachama wa kawaida hadi staki itakapowashwa upya. Vivyo hivyo, swichi mpya inapoongezwa, ni lazima iunganishwe kebo za nyuma ikiwa imezimwa, kisha ndipo iwashwe. Ikichomekwa ikiwa inawaka, huingia ikijiona kuwa kiongozi, na katika kushindana na kiongozi aliyepo upande unaoshindwa hujizima na kujiwasha upya, jambo ambalo likifanyika saa nne asubuhi huweza kuikatia huduma jengo zima lenye foleni ya watu. Swichi hiyo pia inapaswa kuwa na toleo lile lile la programu endeshi, kwa kuwa wanachama wenye matoleo yanayotofautiana hawaelewani, na mgeni husimama kando mpaka programu yake ilinganishwe na ya wenzake.

Umuhimu wa staki hata hivyo una mipaka yake, na mipaka hiyo inapaswa kusemwa wazi. Kebo za muungano za StackWise hazizidi mita tatu, maana yake ni kwamba staki ni umoja wa kabati moja. Manispaa ya Singida na halmashauri za wilaya za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi haziwezi kufanywa staki moja, na hazipaswi. Umoja wao hupatikana kwa njia nyingine: kila jengo huwa na ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na ule wa nje na kuchagua njia kati yake, na vifaa vyote hutoa taarifa za afya yake kwa kituo kimoja cha uangalizi kwa kutumia itifaki ya SNMP, lugha ya pamoja iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, ambayo huwezesha vifaa vya kampuni tofauti kuulizwa maswali yale yale: je, tundu hili linafanya kazi, joto ni kiasi gani, ni pakiti ngapi zimeharibika. Afisa TEHAMA aliyeko mjini Singida huweza hivyo kujua kwamba swichi ya Iramba au ya Itigi imepata joto kupita kiasi kabla mtumishi wa huko hajapiga simu, na gharama za kumsafirisha fundi kwa jambo lisilohitaji safari huokolewa.

Upo pia upinzani wa haki dhidi ya staki, na wahandisi makini hawaupuuzi. Mfumo wenye akili moja hukosea kwa pamoja: dosari moja katika programu endeshi huweza kuangusha swichi zote kwa mkupuo, na katika vifaa vingi kuboresha programu hiyo humaanisha kuzima staki nzima kwa dakika kadhaa. Kwa ofisi ya kawaida, dakika hizo hupatikana usiku au Jumapili bila madhara. Kwa hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo wagonjwa wake hawana saa ya kufungwa na ambayo usajili, maabara, dawa na malipo yake hutegemea mfumo mmoja wa kompyuta, busara ni kuwa na mitambo miwili inayojitegemea katika kitovu cha mtandao, kila mmoja ukiwa na programu yake na uamuzi wake, kisha staki zitumike katika wodi na ofisi, kila staki ikiwa na kebo mbili zinazokwenda kwa mitambo yote miwili ya kitovu. Umoja wa kweli unajua pia ni wapi pa kuacha utengano uendelee kwa makusudi.

Mambo haya hayapaswi kuachiwa mafundi peke yao, kwa kuwa maamuzi yanayoyaathiri zaidi hufanyika mezani pa bajeti. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma nchini umekuwa ukifanyika katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na mipango, malipo na ukusanyaji wa mapato wa halmashauri navyo vimehamia mtandaoni, kwa hiyo mtandao wa ndani ukilala, halmashauri nayo hulala, hata kama umeme upo na watumishi wamefika. Zabuni inayoomba swichi kwa idadi ya matundu na bei tu, bila kutaja kwamba ziwe za familia moja na zile zilizopo na kwamba ziletwe na kebo zote za muungano pamoja na ile ya kufunga mzunguko, huzalisha kabati lenye vifaa vizuri visivyoweza kuungana. Kebo iliyoachwa ili kupunguza bei ni sehemu ndogo ya gharama ya swichi, lakini ukosefu wake huondoa sababu yenyewe ya kununua vifaa vya staki.

Mwisho, mafunzo na kumbukumbu ni mitambo pia, ingawa haichomekwi popote. Faili la mipangilio likihifadhiwa ndani ya staki peke yake, hupotea pamoja nayo siku ya radi. Likihifadhiwa pia mahali pengine na kusasishwa kila badiliko linapofanyika, hurejeshwa hata staki yote ikiungua, na ikiungua swichi moja tu, hubadilishwa na nyingine ya aina ile ile, ikapewa namba ya mwanachama aliyeondoka, na kiongozi akaikabidhi mipangilio yake yenyewe bila mtu kuandika upya hata mstari mmoja. Kazi ya siku nzima hugeuka kuwa ya dakika chache, lakini kwa sharti kwamba kuna mtumishi anayejua kuwa inawezekana, na kwamba maarifa yake hayaondoki naye anapohamishwa kituo.

Kwa hiyo taasisi yoyote mkoani Singida, iwe halmashauri, chuo, hospitali au kampuni ya kusindika alizeti, inayopokea mtandao mpya kutoka kwa mkandarasi, inastahili kudai jaribio moja kabla ya kutia saini ya makabidhiano. Kompyuta zote ziwe kazini, kisha kebo moja ya muungano ichomolewe mbele ya kamati ya mapokezi, na kazi iendelee. Irudishwe, halafu swichi iliyo kiongozi izimwe, na naibu aliyetajwa katika nyaraka, wala si mwingine, aonekane ameshika uongozi, huku watumishi waliochomekwa kwenye swichi nyingine wakiendelea na kazi zao. Jaribio hilo halihitaji vyombo vya gharama wala mtaalamu kutoka mbali, na huchukua muda usiozidi nusu saa. Mkandarasi aliyeijenga kazi yake ipasavyo atalikubali bila kusita, na ambaye hakuijenga ipasavyo atagundulika siku ambayo fedha za umma bado hazijamaliza kulipwa.